Je, Wajua? Kasi ya Mate Hupimika

Amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, ilitenganishwa mwaka 1833 na Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz kutoka kwenye kimea cha shayiri. Mate yako pia yana amilesi, na kasi yake hupimika. Changanya mate na maji ya wanga, kisha kila baada ya sekunde 30 chukua tone uliweke kwenye iodini juu ya kigae cheupe. Matone ya kwanza huwa buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Yanayofuata hufifia, hadi iodini ibaki na manjano yake. Hapo wanga umekwisha. Gawanya 1 kwa muda uliopita tangu kuchanganya upate kasi. Inapendeza mno kuitazama rangi ikitoweka! Kwenye nyuzijoto 37 hutoweka upesi. Mate yaliyochemshwa hayafanyi kitu, kwani moto umeharibu umbo la kimeng'enya.