Fedha ya Duka na Fedha ya Mwenye Duka

Kijana aanzaye biashara aghalabu hushughulikia kwanza jina la duka, rangi ya kibao na picha zitakazopendeza katika simu za watu, na sisemi kwamba mambo hayo hayana thamani. Lakini miaka niliyokaa karibu na wenye biashara ndogo ndogo imenithibitishia kuwa kiangamizacho mtaji kuliko uchache wa wateja ni mwenye mali kutojua fedha ipi ni ya biashara na ipi ni yake mwenyewe.

Mwaka uliopita mama mmoja wa mtaani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, akaangaye maandazi tangu kabla ya adhana ya alfajiri, aliniita uani kwake akaniambia, "Mwanangu, wateja ninao, sinia halirudi na kitu, lakini kila mwisho wa mwezi nakwenda kwa muuza jumla kuomba unga kwa mali kauli. Fedha yangu inakwenda wapi?" Halikuwa swali la mvivu wala la mfujaji. Nilimwomba daftari, akawa hana. Basi tukachukua daftari la shule la mjukuu wake, tukaligeuza, tukaanza kuandika kutoka nyuma.

Kwa siku moja alitumia kilo nne za unga kwa shilingi 8,000, sukari ya 3,000, mafuta ya 6,000, hamira na iliki za 1,000, jumla 18,000. Maandazi yalikuwa 150, kila moja 200, yaani shilingi 30,000, na kwa hesabu hiyo, aliyoibeba kichwani siku zote, faida yake ilikuwa 12,000, na katika hiyo alitoa 10,000 kila jioni kwa matumizi ya nyumba na mchango wa upatu, akiamini kuwa amebakiza akiba. Lakini maandazi 20 yaliliwa na wajukuu, wageni na majirani waliokuja kusalimu, na hayo ni 4,000 ambayo haikuingia mkononi. Hivyo faida ya kushikika ilikuwa 8,000, na kila siku alikuwa akila 2,000 ya mtaji wake. Kwa mwezi 60,000, nayo ndiyo iliyompeleka kwa muuza jumla kichwa chini. Tena, nazi mbili zilitoka katika mnazi wa uani na mkaa uliletwa na mwanawe kutoka Muheza, na lau angelivinunua vyote angelitoa 4,000 nyingine. Alinyamaza kitambo, kisha akasema polepole, "Kumbe mnazi ndio ulionilea."

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uzito wa usemi huo, kwa maoni yangu, umo katika maneno mawili ya mwisho. Mwizi akivunja duka, mtaa mzima hupata habari. Shilingi 2,000 za kila jioni hazipigi kelele, na fedha ya upatu inapoingia huziba tundu kwa juma moja, mwenyewe akadhani mambo yametengemaa. Wafanyabiashara wa Kigujarati waliohamia Unguja na Mombasa walilijua jambo hili barabara, hata Wahindu miongoni mwao hufungua daftari jipya siku ya Diwali kwa ibada, kana kwamba hesabu ni amana, na kwa hakika ni amana.

Nasaha yangu, basi, ni kwamba mwenye biashara ajipangie ujira kama amlipavyo kibarua, asiuzidishe hata siku ya mauzo makubwa, na akichukua bidhaa dukani mwake aiandike kama aliyeinunua. Fedha za wateja na ziingie katika laini ya simu iliyo mbali na ile apokeleayo salamu na michango ya harusi. Na anayekopesha wateja aandike jina, kiasi na siku, kwani haya ya kumdai jirani huzidi pale ambapo hata mdai hana hakika ya adaicho.

Daftari lina faida nyingine ambayo wengi hawaambiwi. Katika viwango vya kodi ya makadirio vya Tanzania vya miaka ya karibuni, mwenye mauzo yaliyozidi shilingi 7,000,000 kwa mwaka bila kufika 11,000,000 hutozwa 250,000 akiwa hana kumbukumbu za hesabu. Akiwa nazo, hutozwa 90,000 na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni saba. Mama yetu, auzaye 26,000 kwa siku, akifanya kazi siku 300 huuza 7,800,000, nayo kodi yake kwa daftari ni 114,000. Shilingi 136,000 kwa kalamu na daftari la shule! Nilipomsomea hesabu hiyo alimwita mjukuu, akamwagiza dukani akalete daftari jipya, lenye jalada gumu.

Juma lililopita nilipita pale asubuhi, nikamwamkia, nikachukua maandazi mawili katika sinia kama ilivyo desturi yangu ya miaka. Aliitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akamgeukia mjukuu aliyeketi na kalamu mlangoni. "Andika mawili," akasema. Nikatoa shilingi 400.