Ukuta Unaosema: Vijana Waliochora Habari za Watu Waliopoteza Nyumba

Ndugu zetu wa vikundi, mnajua vile ni vigumu kuongea juu ya makao. Ukiitisha mkutano, wanakuja watu ishirini, wanasikiliza, wanarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili hata katibu amesahau. Ukigawa karatasi, asiyejua kusoma anafungia sukari. Lakini ukuta uliochorwa hauendi popote. Mama akienda kuteka maji anauona, na akirudi anauona tena.

Huko Los Angeles, Marekani, kuna ukuta wa namna hiyo. Ni upande mmoja wa mtaro mkubwa wa saruji wa kuzuia mafuriko. Mwaka wa 1976 mchoraji anayeitwa Judith Baca alianza kazi hapo na vijana 80. Wengi walikuwa wa umri wa shule, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufikishwa kortini. Walichora wakati wa kiangazi tu, kwa vile mvua ikinyesha mtaro hujaa maji. Walirudi miaka mingine hadi 1983, na kwa jumla vijana karibu 400 waliweka mkono. Picha ina urefu wa mita 840 hivi. Tena vijana walilipwa, jambo ambalo sisi huwa tunasahau tukisema "kazi ya vijana".

Picha inaeleza historia ya watu wa huko, hasa wale wasioandikwa vitabuni. Sehemu moja ni ya watu walionyang'anywa makao.

Mambo yalikuwa hivi. Karibu na katikati ya mji kulikuwa na vijiji vitatu juu ya vilima, mahali panapoitwa Chavez Ravine. Wenyeji wengi walikuwa wa asili ya Mexico, watu wa kipato kidogo, wenye bustani na mbuzi. Mwaka wa 1950 waliletewa barua: uzeni, mji unataka kujenga nyumba mpya za bei nafuu, nanyi mtakuwa wa kwanza kupewa. Wengi waliuza, wakahama. Kisha siasa ikaingia. Wapinzani walisema nyumba za serikali ni ukomunisti, na mwaka wa 1953 mpango ukafutwa. Hakuna nyumba hata moja iliyojengwa. Baadaye ardhi ikapewa timu ya mchezo wa besiboli. Familia chache zilikuwa zimekataa kutoka, na tarehe 8 Mei 1959 askari walikuja. Mama mmoja alibebwa mikono na miguu, tingatinga likabomoa nyumba. Familia yake ililala kwenye hema hapo hapo kwa siku kadhaa.

(Magazeti yaligundua kwamba familia hiyo ilikuwa na nyumba zingine mjini, na watu wengi wakaacha kuwahurumia. Kamati, mkisimama kutetea mtu, mjue mambo yake yote mapema. Hata hivyo, ahadi iliyovunjwa ilibaki imevunjwa.)

Vijana walichoraje hayo? Uwanja wa michezo unashuka kutoka angani kama chombo kigeni, juu ya nyumba za watu. Barabara kuu inapita katikati ya familia moja na kuitenganisha, huyu ng'ambo hii, yule ng'ambo ile. Mtu hahitaji kusoma neno lolote.

Lakini msifikiri walishika brashi siku ya kwanza. Kwanza waliuliza. Walizungumza na wenyeji na wanahistoria, wakasikia wenyewe. Halafu walichora picha ndogo kwenye karatasi, wakaijadili, wakaigawanya kwa miraba. Ukutani walipiga mistari ya miraba hiyo kwa chaki, na kila mraba mdogo ukahamishwa kwa mkubwa wake. Hii ndiyo siri ya picha kubwa, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kwa rula na kamba.

Kikundi kikitaka kujaribu na wanafunzi wa shule ya karibu, mpate kwanza ruhusa ya mwenye ukuta, kwa maandishi. Ukuta usuguliwe na kupakwa rangi ya chini kwanza, la sivyo mvua moja itaubambua. Na msichore sura wala jina la mtu mwenye kesi na wanakijiji. Mnaweza kuandika maneno machache: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yafaayo. Wengi hawajawahi kuyasikia. Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, ni ile ya kukaa na wazee na wapangaji na kuwauliza: ulihamishwa lini, uliahidiwa nini, na nani alishuhudia? Katibu aandike majibu kwenye daftari kabla rangi haijanunuliwa.

Ule ukuta wa Los Angeles ulichujuka kwa jua, ukakarabatiwa mwaka wa 2011. Uwanja wa besiboli ulifunguliwa mwaka wa 1962 na bado unatumika. Shule ya msingi ya wale wanavijiji ilifukiwa kwa udongo, na juu yake sasa watu huegesha magari.