KIBUNDUKI CHA KUPIMIA HOMA: TUKIAMINI KWA KIASI GANI?

Kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, ambacho wengi wetu tunakiita kibunduki, si kitu kigeni tena katika Kaunti yetu ya Kilifi. Tulijuana nacho wakati wa Korona. Ugonjwa huo ulipothibitishwa nchini mnamo Machi 13, 2020, shule zilifungwa, na mwezi wa Aprili watu wa Kilifi, Kwale na Mombasa wakakatazwa kuingia wala kutoka katika kaunti zao. Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, wengi wetu tukiwa bado shule ya msingi, kila asubuhi tulipanga foleni langoni tukalengwa vipaji mmoja baada ya mwingine. Korona ikapoa, vibunduki vikabaki. Sasa vimeingia majumbani, kwa kuwa vya bei nafuu viko tele madukani na kutumia kwake ni rahisi mno: bonyeza, tiii, namba hiyo! Mtoto hata haamki usingizini.

Je, namba hiyo ni ya kuaminika? Nauliza kwa sababu huku kwetu homa si jambo la mchezo. Mtoto wa Ganze au Bamba akishikwa na joto usiku wa manane, mama yake ana uamuzi wa kufanya papo hapo: amwamshe mtu wa bodaboda waende hospitali, au angoje kukuche? Kibunduki kikimwambia 36.4 naye akalala, kumbe mtoto ana malaria, afadhali asingekuwa nacho kabisa.

Kwanza tuondoe uvumi. Wakati wa Korona kulikuwa na maneno ati kibunduki kinapiga miale inayounguza ubongo. La hasha! Kibunduki cha kupimia watu hakipigi miale ya joto. Chenyewe ndicho kinachoipokea. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Keti karibu na jiko la makaa uone jinsi uso unavyopata moto ingawa hujaligusa. Mwili wetu nao hutoa miale ya aina hiyo, ila hafifu. Ndani ya mdomo wa kibunduki mna kijicho kidogo kinachopashwa joto na miale hiyo, kikatoa umeme kidogo sana, kisha umeme huo ukageuzwa kuwa tarakimu. Taa ndogo inayowaka kwenye baadhi yake ni ya kuonyesha mahali pa kulenga tu.

Lakini hapa ndipo penye siri ambayo wauzaji hawaisemi. Kinachopimwa ni joto la ngozi ya kipaji, nalo si joto la ndani ya mwili. Ngozi ya kipaji cha mtu mzima wa afya aghalabu huwa na digrii 33 hadi 35 hivi, ilhali ndani ana karibu digrii 37. Basi kiwanda hukitia kifaa hesabu ya kuongeza: ukiona ngozi ina joto kiasi hiki, andika kiasi kile. Kwa hiyo ile 36.6 unayoisoma ni makisio. Ni makisio ya kisayansi, sikatai, lakini ni makisio.

Vingi vina kitufe cha kubadilisha kazi: kupima mtu, au kupima kitu kama chupa ya maziwa na maji ya kuogea mtoto. Kikiwekwa upande wa vitu hakiongezi chochote. Pengine ndiyo sababu pale langoni baadhi yetu tuliandikiwa digrii 33 na askari akatuambia, "Pita, uko sawa." Mtu ambaye ndani ya mwili wake mna digrii 33, bwana, si wa kupita langoni, ni wa kubebwa kwa machela!

Makisio haya huharibiwa na mambo mengi, na pwani yetu inayo yote. Aliyepanda bodaboda kutoka Gede hadi Watamu kipaji chake kimepigwa na upepo kikapoa. Mwenye jasho naye hupoa, maana jasho linapokauka huondoka na joto la ngozi. Aliyetembea juani saa sita mchana wakati wa kaskazi ana kipaji cha moto na hana homa yoyote. Chumba chenye paa la mabati na chenye paa la makuti si sawa. Ushungi uliobanwa kwenye kipaji, nywele, mafuta au poda navyo huchangia. Hata kifaa chenyewe, ukikitoa garini au kwenye chumba cha kiyoyozi ukapima papo hapo, kitakuwa bado hakijazoea joto la mahali pale. Tena kina umbali wake maalumu, mara nyingi sentimita 3 hadi 5, na kingine zaidi kidogo, kama kijikaratasi chake kinavyoeleza. Ni nani asomaye kijikaratasi?

Kwenye boksi utaona pameandikwa kwamba kosa halizidi 0.2 au 0.3 ya digrii. Mwaka 2021 zilitolewa habari za uchunguzi wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambapo watu wazima 1,113 walipimwa kwa vipimajoto vya aina hii vya miundo sita. Hata katika muundo uliofanya vizuri kuliko yote, karibu nusu ya vipimo vilikosea zaidi ya kile kiwanda kilichoahidi, na watu wenye homa kweli walipitwa mara nyingi. Hapo ni ndani ya nyumba na kwa mikono ya watu waliofundishwa. Sasa fikiria mimi na wewe.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Sote tunajua malaria inavyoanza: baridi kali, meno yanagongana, mtu anaomba blanketi na jua linawaka nje. Katika hatua ile mwili unapandisha joto lake la ndani, na ili usilipoteze hubana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Ngozi inapoa huku ndani panachemka. Ukimlenga mgonjwa huyo kipaji wakati huohuo, waweza kuletewa namba nzuri ya kupendeza. Yaani kifaa kinaweza kukosea saa ileile ambayo homa inapanda! Tena kuna panadoli. Mtoto aliyepewa saa moja kabla huonyesha namba ya chini, nayo malaria haikwenda popote.

Basi je, tukitupe? Sisemi hivyo. Kina faida zake, hasa kwa mtoto mchanga aliyelala au mgonjwa asiyetaka kuguswa, na hakiambukizi mtu kwa kuwa hakimgusi. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kumlinganisha mtu na nafsi yake. Wapime watu wa nyumbani wakiwa wazima, asubuhi na jioni kwa siku chache, wakiwa kivulini, wametulia robo saa, kipaji kimefutwa kikakauka, na kibunduki kimekaa chumba kilekile. Andika daftarini. Ukijua kwamba ndugu yako akiwa mzima kifaa chenu humwonyesha 36.2, siku kikimwonyesha 37.4 una habari ya maana, hata kama 37.4 yenyewe si sahihi. Pima mara tatu, maana kimoja kikiruka mbali na viwili vingine utakitilia shaka. Na usisahau kusafisha kijicho kwa kitambaa kikavu laini, kwani chumvi na vumbi vya huku kwetu havina huruma.

Ukitaka namba ya kutegemea zaidi, kipo kile kipimajoto chembamba cha betri cha kutia kwapani. Aghalabu bei yake ni ndogo kuliko ya kibunduki, na hakihitaji kukisia sana kwa kuwa kwapa lililofungwa vizuri halipigwi na upepo wala jua. Unakishikilia hadi kilie. Mtoto atalia naye, ndiyo, lakini vumilia. Kwapani, digrii 37.5 na kuendelea huhesabiwa homa. Vile vya zamani vya kioo na zebaki sivishauri, kwani vikivunjika zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata uliopitishwa Japani mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza.

Na kiganja cha mama? Tusikidharau! Hawe na bibi zetu wametupima kwa viganja tangu zamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wadogo humtaka mhudumu amhesabu mtoto kuwa ana homa ikiwa kipimo cha kwapani ni 37.5 au zaidi, au akiguswa ana moto, au mzazi akieleza kwamba alikuwa na joto nyumbani. Yaani neno la mama lina nafasi yake pale pale kwenye karatasi ya daktari. Kasoro ya kiganja ni kwamba huona homa hata pasipokuwapo. Lakini kiganja kikisema mtoto hana joto, mara nyingi hana.

Namba iwe sahihi vipi, haikuambii ni ugonjwa gani. Wazee wetu walikuwa wakisema homa, maana yake malaria, nao walikuwa na haki. Lakini mambo yamebadilika, na mengi yamechunguzwa papa hapa Kilifi, ambako taasisi ya utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust ilianza kazi mwaka 1989. Miaka ya 1990 ilionyeshwa hapa kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa kiasi cha theluthi moja, na baada ya mwaka 2000 watoto waliolazwa Kilifi kwa malaria walipungua sana. Kwa hiyo homa ya leo yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa kichomi, homa ya matumbo, uti wa mgongo, au mafua tu. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka damu ipimwe kabla ya kumeza dawa ya malaria. Kibunduki hakipimi damu.

Yapo mambo ambayo ukiyaona kwa mtoto huna haja ya kutafuta betri. Asiponyonya wala kunywa, akitapika kila kitu, akilegea asizinduke vizuri, au akishikwa na degedege, nenda hospitali usiku uleule hata kama namba ni 36. Nasisitiza degedege kwa sababu bado wako wanaoamini ni nyuni amempitia mtoto, wakaanza na mganga na muda ukapotea. Kwa kitoto cha chini ya miezi miwili, 37.5 ya kwapani ni hatari, na kushuka chini ya 35.5 ni hatari vilevile. Wengi huiogopa ya juu wakaipuuza ya chini.

Mwaka 2023 serikali ilipowatuma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kuzunguka vijijini, mikoba waliyopewa ilikuwa na kipimajoto. Mkiwa na mhudumu kijijini kwenu, mpelekee kibunduki chenu mlinganishe na chake kwa mtu mmoja, dakika moja. Na mkifika hospitali pelekeni lile daftari: saa ngapi, namba gani, dawa gani alipewa na lini. Daktari atalisoma, kisha bila shaka atamtia mtoto kipimajoto chake kwapani.