Mbwa anayebweka akiachwa peke yake: si jeuri, ni dhiki

Saint-Gilles ni miongoni mwa manispaa 19 za mkoa wa Brussels, Ubelgiji. Ni kilomita za mraba kama 2.5 tu, lakini wanaishi humo watu karibu 50,000. Nyumba nyingi ni za zamani, zimegawanywa fleti, ukuta kwa ukuta. Mwenye mbwa akishatoka kwenda kazini, mnyama akianza kubweka husikika juu, chini na nyumba ya pili. Jioni majirani wanalalamika, na mbwa anakaripiwa au kuchapwa. Hapo ndipo tatizo linapozidi.

Mbwa hahusishi kipigo cha jioni na kelele za asubuhi. Anachojifunza ni kwamba bwana wake akirudi kuna hatari, na hofu yake inakuwa mara mbili.

Chanzo nacho si kimoja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha uchambuzi wa mbwa 2,757 wenye matatizo ya kuachwa peke yao. Walikuta wengine wanataka kukimbia kitu kilichomo ndani, wengine wanataka kukifikia kilichoko nje, wengine wanashtuliwa na sauti za nje, na wengine wamechoshwa na upweke.

Kwa hiyo anza kwa kuacha simu ikirekodi video. Mbwa akianza kubweka mara tu mlango unapofungwa, huku anahema, anadondosha udenda na kukwangua mlango, huyo amepaniki. Akilala vizuri, kisha akaruka kila anaposikia nyayo kwenye ngazi, mhamishie chumba cha mbali na mlango, funga mapazia na mwachie redio kwa sauti ya chini.

Mwenye hofu anahitaji mazoezi. Chukua funguo, vaa koti, kisha kaa tena. Rudia mpaka mbwa asijali. Halafu toka kwa sekunde chache na urudi kabla hajabweka. Ongeza muda kidogo kidogo, na akianza kuhangaika, punguza. Katika wiki hizo asiachwe kupita muda anaoweza kuvumilia: omba ndugu, rafiki au mlezi wa mbwa akae naye. Kabla ya kutoka, mtembeze vya kutosha. Wakazi wa Saint-Gilles wana bustani ya Forest jirani.

Hofu ikiwa kali, nenda kwa daktari wa mifugo. Kwanza atapima kama kuna maumivu au ugonjwa. Anaweza kuandika klomipramini, dawa iliyoidhinishwa kwa tatizo hili katika Umoja wa Ulaya mwaka 1998. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haichukui nafasi ya mazoezi. Usimpe mbwa vidonge vya binadamu kwa kukisia.

Nanyi majirani, kabla ya kuita polisi, gongeni mlango mwambieni mwenye mbwa kelele huanza saa ngapi na huchukua muda gani. Yeye hayupo nyumbani kuzisikia, na taarifa hiyo ndiyo atakayoanzia tiba.