Fundi, Mpime Bibi Kwanza

Mtu anapotembea, ncha ya kiatu chake hupita juu ya ardhi kwa nafasi ndogo mno: sentimita 1 au 2 tu, katikati ya hatua. Akiwa kijana haijui hata nafasi hiyo, kwa kuwa mwili huikadiria wenyewe. Miaka ikienda, misuli inayouinua mguu hudhoofu, kifundo hukakamaa, na hatua hazilingani tena. Hii inapita, ijayo inagusa. Sasa tazama kizingiti cha zege cha sentimita 5 kwenye mlango wa jikoni, kilichowekwa ili maji ya masika yasiingie ndani. Fundi aliyekijenga aliifanya kazi aliyoagizwa, na maji kweli hayaingii. Ila hakuna aliyemwambia kwamba atakayekivuka kila alfajiri ni bibi wa miaka 78.

Hapa Matsangoni, Kilifi, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, nyumba zinabadilika. Kuta za udongo na mapaa ya makuti yanapisha mawe ya timboni na mabati. Mtoto aliye Mombasa au ughaibuni hutuma pesa, wazazi wakajengewa nyumba ya heshima: baraza iliyoinuliwa, ngazi tatu za kupandia, vigae vinavyong'aa, choo cha ndani. Ni mapenzi ya kweli, na ndiyo maana inaniuma kuona kwamba nyingi kati ya nyumba hizi ni za hatari zaidi kwa mzee kuliko ile aliyoihama. Sakafu ya udongo hunywa maji na hukamata unyayo. Kigae kilichong'arishwa hakinywi kitu. Tone la maji likikaa juu yake hugeuka utando mwembamba kati ya ngozi na kigae, na msuguano uliokuwa ukimshikilia mtu unatoweka.

Kuanguka si jambo dogo la uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kenya ilipohesabu watu mwaka 2019, waliofikisha miaka 60 walikuwa takriban milioni 2.7. Wengi wao wanaishi vijijini, na nyonga ikivunjika kijijini, safari ya kumfikisha mgonjwa mezani kwa daktari wa upasuaji ni ndefu na ghali.

Je, fundi anaweza kulizuia jambo hili? Jibu zuri kuliko yote lilitoka New Zealand. Katika jimbo la Taranaki, watafiti wakiongozwa na Michael Keall walichukua nyumba 842 na kuzigawa kwa bahati nasibu. Nusu zilitembelewa na wajenzi wenye ujuzi, nusu nyingine zikasubiri. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu hata kidogo: vishikio bafuni, reli kwenye ngazi, taa za nje, ukingo unaoonekana kwenye vidato, sakafu isiyoteleza kwenye vibaraza. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015. Majeraha ya kuanguka nyumbani yalipungua kwa asilimia 26 katika nyumba zilizorekebishwa. Mwaka 2023, mapitio ya shirika la Cochrane yaliyokusanya tafiti 22 yalionyesha kwamba wanaofaidika zaidi ni wale ambao tayari wako hatarini, kama waliowahi kuanguka. Kwao, idadi ya kuanguka hushuka kwa asilimia 38. Nyumba za Taranaki si za Matsangoni, lakini goti na nyonga ni zile zile.

Kwa hiyo swali linabaki: umwite nani? Watu hudhani wanahitaji kontrakta. Kwa kazi hii, mara nyingi sivyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili makontrakta kwa madaraja manane, na ukibomoa ukuta au kuongeza chumba unapaswa kumtafuta aliyesajiliwa. Kishikio cha choo na rampu ya mlangoni vinataka fundi wa mawe, fundi wa kuchomelea na pengine fundi wa stima. Muulize kama ana cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda nchini, wa daraja la tatu, la pili au la kwanza, au kama mamlaka ile ya ujenzi imemtambua kuwa fundi stadi. Wapo mafundi hodari wasio na karatasi hata moja, walioifunza kazi kwa baba zao. Kwao, nenda ukaione kazi waliyoifanya miaka mitatu iliyopita. Kazi ya mwezi jana haisemi chochote. Chumvi ya bahari bado haijaionja.

Lakini kipimo changu kikubwa cha fundi ni jambo analolifanya anapofika. Akitoa futi na kwenda moja kwa moja ukutani, bado hajaielewa kazi. Anayefaa ataomba mzee aketi, ainuke, anyooshe mkono. Urefu kutoka kisigino hadi kwenye kikunjo cha goti ndio kimo cha kiti chake cha choo, na ndio kimo cha kitanda chake. Kiti kikiwa chini ya hapo, goti hulazimika kubeba kazi kubwa zaidi wakati wa kuinuka, na mzee hujitupa mbele ili apate kasi. Hapo ndipo huanguka. Vitabu vya Marekani vinasema kiti kiwe cha sentimita 43 hadi 48, na kishikio cha pembeni sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni. Hizo zichukuliwe kuwa pa kuanzia. Bibi mfupi wa Kigiriama aliyepinda mgongo hatazifikia. Choo kikiwa cha shimo, seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, kikae juu ya shimo kwa kimo cha goti lake.

Kishikio ndipo nyumba za pwani zinapotofautiana na vitabu. Mawe yetu ni miamba ya matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na yamejaa vitundu. Fundi akitoboa, akaingiza plagi ya plastiki na kufunga skrubu, kishikio kitaonekana imara siku ya kwanza. Kisha mzee ateleze, akidake, mwili mzima uning'inie kwa mshtuko mmoja. Plagi inang'oka pamoja na unga wa jiwe. Kanuni za Marekani zinataka kishikio kistahimili takriban kilo 113. Njia ya uhakika hapa ni boliti ipenye ukuta wote, na upande wa pili iwekwe bamba la chuma kabla ya nati, ili nguvu isambae kwenye jiwe zima. Ukuta wa inchi 6 wenye plasta pande mbili utataka boliti ya inchi 8 au zaidi.

Halafu kuna kutu. Upepo wa kusi huleta kloridi za bahari, na kloridi huvunja utando mwembamba unaokikinga chuma. Chuma cha pua cha aina ya 316 kina molibdenamu, kwa hiyo hustahimili pwani kuliko kile cha 304 ambacho maduka mengi ya hadwea huuza bila kukitaja. Bomba lililopakwa zinki ni rahisi zaidi na linafaa, ila moto wa kuchomelea huunguza zinki kwenye maungio, na kutu huanzia hapo hapo. Mwambie fundi asugue maungio na kuyapaka rangi ya zinki siku hiyo hiyo. Bomba liwe la unene ambao kiganja kinaweza kulifumbata, milimita 32 hadi 50, na liachwe umbali wa sentimita 4 hivi kutoka ukutani.

Kwa njia ya kwenda choo cha nje, sioni haja ya chuma. Kilifi imejaa mivinje, na fito ya mvinje iliyonyooka, ikaambuliwa gome na kupigwa msasa, hushikika vizuri mkononi hata juani. Adui wake ni mchwa, kwa hiyo miguu yake isimame juu ya zege na isizikwe udongoni.

Rampu inadai nafasi zaidi ya watu wanavyodhani. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Baraza ya sentimita 45 itahitaji rampu ya mita 5.4, na uwanja ukiwa mdogo itabidi ikunje kona. Mafundi wengi huifupisha ili waokoe simiti, na wanachokiacha ni mteremko wa kumporomosha mtu, hasa mvua ikinyesha. Uso wake ukwaruzwe kwa ufagio kabla zege halijakauka. Nondo zikitumika, mchanga wa ufuoni usikaribie, maana una chumvi ile ile inayokula chuma.

Mwanga nao haugharimu sana. Jicho la miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye jicho la miaka 20. Mzee anapoamka usiku, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla anaposimama, na ndani ya kizunguzungu hicho anatafuta mlango gizani. Weka taa ndogo ya sola karibu na kitanda, nyingine njiani, na mstari wa rangi nyeupe kwenye ukingo wa kila kidato.

Mzee anayepokea fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, hivyo kazi hii aghalabu itafanywa kwa awamu. Ningeanza na choo na njia yake, kizingiti kifuate, rampu ije baadaye. Andikeni makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari: kifaa gani, aina gani, bei gani. Kishikio kikishafungwa, fundi mwenyewe ajining'inize kwa uzito wake wote mbele yenu. Usimlipe zote siku hiyo. Bakisha sehemu hadi bibi atumie kila kitu wiki moja, mchana na usiku, kwa sababu ni yeye atakayegundua kwamba kishikio kiko juu kwa vidole viwili, na fundi anapaswa kujua tangu mnapopatana bei kwamba safari ya kurudi kukishusha imo ndani ya hesabu.