Hesabu ya Tiba ya Wasiwasi kwa Mkazi wa Salaita

Watu hodari ndio huchelewa kutafuta tiba ya wasiwasi. Mwalimu ambaye darasa lake hupata alama nzuri kila mwaka, mhasibu ambaye vitabu vyake havirudishwi na mkaguzi, karani wa mpakani Taveta asiyekosea fomu: nani atawaambia kwamba wanaumwa? Kazi inakwenda, mshahara unaingia, na nyumbani ndugu wanawatolea mfano. Wanalolijua wao peke yao ni kwamba saa nane za usiku wako macho wakirudia rudia neno walilomjibu mkuu wao mchana, na kwamba barua ya ukurasa mmoja imeandikwa mara tano na bado wanaogopa kuituma.

Makala haya ni ya mtu huyo, hasa akiwa anaishi Salaita au popote kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta. Kilima cha Salaita kimeandikiwa mengi kwa sababu ya pigano la Vita vya Kwanza vya Dunia la Februari 12, 1916, lakini mkazi wake wa leo ana tatizo jingine kabisa: Taveta iko karibu, Voi iko umbali wa kama kilomita mia moja, Mombasa ni mbali zaidi, na mtaalamu wa mambo ya akili ni adimu kote huko. Akitaka kutibiwa, pesa zake aziweke wapi?

Kabla ya bei, ajue ananunua nini. Kwa mtu anayewaza kupita kiasi na kutaka kila kitu kiwe bila dosari, tiba ya mazungumzo iliyochunguzwa zaidi ni ile ya mawazo na tabia, ambayo wataalamu huiita CBT. Ilianza kupata umbo miaka ya 1960 kwa kazi ya daktari Mmarekani Aaron Beck. Hapo hujilazi kwenye kochi ukasimulia utoto wako kwa miaka. Mnakaa mezani, mnaandika wazo linalokusumbua, mnalipima kwa ushahidi, halafu unapewa kazi ya nyumbani. Mwalimu anaambiwa asahihishe karatasi kwa saa mbili tu, kisha azifunge bila kuzipitia tena, aone kama kweli litatokea lile analoliogopa. Anayelala na hofu anatengewa nusu saa ya jioni ya kuhangaika kwa makusudi, na wasiwasi ukija saa tano asubuhi anauandika na kuuahirisha hadi saa yake ifike. Ni kazi, tena inachosha. Mshauri asiyekupa kazi ya kufanya kati ya kikao na kikao, hata akiwa mpole kiasi gani, anakupa kitu tofauti na hiki.

Tiba hii pia ina urefu wake, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu. Miongozo ya huduma ya afya ya Uingereza inapendekeza vikao 12 hadi 15 vya saa moja kwa mtu mzima mwenye wasiwasi wa kudumu. Kwa hiyo ukiuliza bei ya kikao kimoja umeuliza nusu ya swali. Bei ya kweli ni ya vikao 12 pamoja na nauli, bando, na siku za kazi utakazokosa. Kikao cha shilingi 1,500 unachokiacha baada ya mara tatu kwa sababu ya umbali ni ghali kuliko cha 2,500 utakachokimaliza.

Tuanze na kile unachokilipia tayari. Tangu Oktoba 1, 2024 bima ya NHIF ilipoondolewa na SHA kuchukua nafasi yake, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Wa shilingi 60,000 hutoa 1,650 kila mwezi. Kiwango cha chini ni 300. Mfuko wa afya ya msingi unagharamia matibabu ya wagonjwa wa nje katika zahanati na vituo vya afya kwa aliyejisajili. Wafanyakazi wengi wa ofisi hawajawahi kukanyaga huko. Wamezoea kliniki za kulipia. Kwa tatizo hili ningewaomba wabadili desturi. Afisa wa kliniki anaweza kukupa maswali saba ya kipimo kiitwacho GAD-7, kila swali likiwa na alama sifuri hadi tatu, jumla 21. Ukipata 10 au zaidi unastahili uchunguzi wa kina. Anaweza pia kukuandikia kipimo cha damu cha tezi ya shingo na kukuuliza kuhusu kahawa, miraa na pombe, kwa kuwa moyo kwenda mbio na kukosa usingizi si lazima vitoke kwenye mawazo. Kulipa maelfu ya ushauri nasaha kabla ya kuondoa shaka hizo ni kutupa pesa.

Kutoka hapo unaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya Taveta au ile ya rufaa ya kaunti ya Moi mjini Voi, na ikibidi Port Reitz Mombasa, ambako kitengo cha magonjwa ya akili kimehudumia Pwani kwa muda mrefu. Malipo ya ushauri katika hospitali za umma, pale yanapodaiwa, huwa ya mamia ya shilingi. Gharama yake kubwa ni muda. Utapanga foleni, utaonana na muuguzi mmoja leo na mwingine mwezi ujao, na vikao 12 vya kila wiki na mtu yule yule ni vigumu kuvipata. Kwa uchunguzi na dawa, hospitali ya umma ndiyo thamani bora kuliko zote. Kwa tiba nzima ya mazungumzo, inategemea sana ni nani aliyepo zamu.

Lakini nina neno kwa watu wa vyeti vingi, ambao hudhani ni profesa tu atakayewaelewa. Shirika la Afya Duniani liliandaa tiba fupi ya vikao vitano iitwayo PM+, nayo ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliokuwa na msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Waliotoa huduma walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa na kusimamiwa, wala hawakuwa madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu ya kweli. Zimbabwe nako, mpango wa benchi la urafiki alioanzisha daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 unawatumia akina bibi wa mtaani, na utafiti wa mwaka 2016 uliupa sifa zake. Basi usimdharau muuguzi wa akili wa Taveta kwa kuwa hana ofisi yenye zulia. Muulize amefunzwa nini na nani anamsimamia.

Mshauri wa kujitegemea ni njia ya pili. Nairobi na Mombasa kikao cha mwanasaikolojia kwa kawaida huanzia shilingi 2,000 na kupanda hadi 5,000 au zaidi. Kwenye miji midogo bei huwa chini, ila wataalamu ni wachache. Tuweke mfano. Kikao ni 2,000 Voi, nauli ya kwenda na kurudi tuseme 1,000. Vikao 12 ni 24,000, nauli 12,000, jumla 36,000, na juu yake nusu ya siku ya kazi mara 12. Theluthi nzima ya pesa imeishia kwenye matatu.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa simu. Mtaalamu yule yule, vikao viwili vya kwanza ana kwa ana, kumi vinavyobaki kwa simu au video: 24,000 za vikao, 2,000 za nauli, 1,000 za bando. Jumla 27,000. Ukifanya sita vya mwanzo kila wiki na sita vya mwisho kila baada ya wiki mbili, mwezi wa kwanza utakuwa mzito, kama 10,000 na ushei, kisha mzigo unapungua hadi karibu 4,000 kwa mwezi. Mtu mwenye sako au chama anaweza kuupanga mzigo huo bila kugusa ada ya watoto. Mtandao ukikatika katikati ya video, badilini kwenda kwenye simu ya kawaida mara moja. Tiba hii haihitaji picha.

Simu ina faida nyingine ambayo haionekani kwenye risiti. Mahali kama Salaita kila mtu anajua nani amepanda matatu gani na ameshukia wapi. Mkuu wa shule akionekana kila Jumatano kwenye mlango wa mshauri, habari itafika sokoni Taveta siku ile ile. Hofu ya kuonekana mdhaifu ndiyo inayomtesa tangu mwanzo, na inaweza kumtoa kwenye tiba kabla haijafanya kazi. Akizungumza na mtaalamu wa Mombasa akiwa ndani ya gari lake aliloegesha mbali na nyumba, ataimaliza tiba. Jambo la pekee analopaswa kulipanga ni faragha ya upande wake: nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wanne si mahali pa kusema ukweli.

Majukwaa ya ushauri mtandaoni ya nje ya nchi siyapendekezi. BetterHelp ya Marekani imekuwa ikitangaza dola 65 hadi 100 kwa wiki. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola hiyo ni 8,450 hadi 13,000 kila wiki, yaani wiki mbili au tatu zinakula bajeti nzima ya vikao 12 vya hapa. Mshauri wa huko hajui mtihani wa KCSE ni nini, wala kwa nini mtoto wa kwanza kusoma katika ukoo hana ruhusa ya kushindwa. Tena mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuituhumu kwa kuwapa watangazaji taarifa za afya za wateja.

Na Moshi, Tanzania, je? Wakazi wengi wa Taveta huvuka Holili kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, kwa sababu iko karibu kuliko Mombasa. Kwa uchunguzi mmoja wa daktari bingwa ni wazo zuri. Kwa vikao vya kila wiki, hapana: bima yako ya Kenya haikufuati kwa ziara ya kawaida ya kliniki, na kila kikao kinakuwa safari ya kuvuka mpaka.

Kasisi, mchungaji na imamu hawatozi kitu. Taita ni nchi ya kanisa, na wapo viongozi wa dini waliosomea ushauri nasaha. Kwa upweke, msiba na mgogoro wa ndoa wamesaidia wengi. Kwa tatizo hili nina tahadhari moja. Mtu anayejilaumu kwa kila kosa akiambiwa aongeze maombi na bidii, naye atayahesabu maombi yenyewe kama kazi nyingine aliyoifanya vibaya. Waendee, lakini sambamba na tiba.

Dawa nazo ziingie kwenye ulinganisho. Fluoksetini, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa jina lake la kawaida haina bei kubwa, na kwa wasiwasi mkali husaidia. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake na haiachwi ghafla bila daktari. Diazepamu ni habari nyingine. Inatuliza usiku ule ule, ndiyo maana watu hodari huipenda: wanalala, asubuhi wako kazini. Lakini haifai kutumiwa zaidi ya wiki mbili hadi nne, kwa kuwa mwili huizoea. Ukiinunua duka la dawa bila cheti umenunua tatizo la pili.

Kuchagua mtaalamu kusiwe mtego. Mwenye ugonjwa wa kutaka kilicho kamili atasoma maelezo ya washauri arobaini na asimpigie hata mmoja. Weka kikomo: majina matatu, wiki moja. Uliza kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kama anafanya kazi ya mawazo na tabia, anatoa kazi gani za nyumbani, anatoza nini ukikosa kikao, na kama anapokea malipo kwa M-Pesa baada ya kikao badala ya kudai ya vikao kumi mbele. Anayekuahidi kupona kwa vikao viwili, mwache. Baada ya vikao vinne jibuni tena yale maswali saba. Alama zisiposhuka kufikia kikao cha sita au cha saba, mwambie wazi, mbadilishe njia au ubadilishe mtu.

Uamuzi wangu basi kwa mkazi wa Salaita mwenye mshahara ni huu: kituo cha afya kwanza, ukiwa umejisajili na SHA, kisha mtaalamu wa Kenya kwa simu baada ya kuonana naye mara mbili, na bajeti ya kati ya 25,000 na 30,000 kwa miezi minne. Asiye na kiasi hicho abaki na muuguzi wa akili wa hospitali ya umma na amuombe kazi za nyumbani za kuandika. Na kama mawazo yako yamefika mahali pa kutaka kujiua, hesabu hizi zote ziache. Nenda hospitali iliyo karibu leo, mwambie mtu mmoja unayemwamini, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.