Kisu na Tochi ya Mkulima: Vijaribu Dukani, Usingoje Usiku

Usiku mmoja wa mvua za masika mtamba wangu alijizungushia kamba shingoni penye nguzo ya zizi. Niliamshwa na kishindo chake. Nikachukua tochi mpya niliyoinunua sokoni, ambayo sanduku lake liliandikwa ya kwamba mwanga wake ni maelfu ya lumeni, nikatia kisu cha kukunja mfukoni, nikatoka mbio. Tochi iliwaka kama mchana kwa dakika chache, kisha ikafifia ikawa kama kaa la jikoni. Kisu nacho, nilipoingiza ncha chini ya kamba na kusukuma, kilijifunga kikanikata vidole viwili. Mtamba alikuwa amekwisha toa ulimi nje.

Jirani yangu, mzee mwenye ng'ombe watatu, alisikia kelele akaja. "Shika tochi hii, mwanangu," akasema, "na umulike kamba, usinimulike macho." Akafungua kisu chake cha mpini wa mti, akakata mara mbili. Mtamba akaanguka magoti, akavuta pumzi kwa nguvu, baadaye akasimama.

Kesho yake nilikwenda kumshukuru, nikaomba kuvitazama vile vitu viwili. Havikuwa vya bei kubwa kuliko vyangu. Tofauti ni kwamba mzee alivijaribu mkononi kabla ya kutoa fedha, na mimi nilisoma sanduku tu.

Basi, ndugu mkulima, tuanze na kisu. Kisu cha kukunja ni cha namna mbili. Kuna kile ambacho bapa lake hushikwa na springi tu, na ukilisukuma kwa nyuma hujifunga. Hicho chafaa kumenya chungwa na kukata uzi wa gunia. Kuna na kile chenye komeo, ambacho bapa likifunguka halirudi mpaka ulifungue komeo mwenyewe. Kwa kazi ya shamba na mifugo chukua cha komeo. Huko Ufaransa Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vya kukunja vyenye mpini wa mti mwaka 1890, na wakulima wakavipenda sana. Lakini ilipofika mwaka 1955 ndipo Marcel Opinel alipoongeza pete ya chuma inayozungushwa penye shingo ya kisu ili bapa lisijifunge. Pete hiyo ingaliko mpaka leo.

Ukiwa dukani, kifungue kisu, kifunge komeo, kisha ligonge bapa kwa upande wa mgongo juu ya kipande cha ubao, polepole kwanza. Vidole vyako visiwe njiani mwa makali. Likijifunga, kirudishe kwa mwenye duka. Litikise bapa upande kwa upande. Likicheza leo, mwakani litalegea kabisa. Kifungue tena ukiwa umelowesha mikono, maana kazi yako haitakuja mikono ikiwa mikavu. Bapa la urefu wa sentimita 8 au 9 latosha. Kisu kirefu kuliko hicho huachwa nyumbani, na kisu kilichoachwa nyumbani hakikati kamba.

Watu huuliza juu ya chuma. Chuma cha pua cha kawaida hunoleka upesi kwa jiwe, lakini hushika kutu, na maji ya limau hukifanya cheusi. Chuma kisichoshika kutu hakitaki matunzo mengi, ila vingine ni vigumu kunoa. Mimi napenda cha kwanza, kwa kuwa nina jiwe la kunolea na tone la mafuta. Asiye na subira ya kupangusa kisu kila jioni achukue cha pili. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwani hutumia nguvu nyingi, nacho huteleza.

Sasa tochi. Usidanganywe na hesabu ya lumeni. Mshumaa mmoja hutoa lumeni kama 12 hivi. Kwa kukamua, lumeni 30 zatosha. Kwa kutembea njiani, 100 ni nyingi. Mwanga mkali kupita kiasi una hasara mbili: humaliza betri, tena hukupofusha kwa giza, kwa kuwa macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza vizuri. Tochi ikizimika ghafula hutaona hata mkono wako. Kwa hiyo tafuta tochi yenye mwanga wa ngazi mbili au tatu, na ambayo huanza na ule mdogo. Angalia pia saa za kuwaka. Watengenezaji wengi huhesabu saa hizo mpaka mwanga umeshuka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Basi "saa 20" za kwenye sanduku si saa 20 za mwanga mzuri.

Juu ya betri, ikiwa umeme kwenu hukatika mara kwa mara, tochi inayotumia betri ndogo za kawaida, ziuzwazo katika kila duka la kijijini, ni bora kuliko ile ya kuchajiwa peke yake. Betri ukiziacha ndani miezi mingi huvuja na kula shaba ya tochi, basi zitoe kama huitumii. Zilizokwisha zisitupwe motoni. Zile za lithiamu zaweza kulipuka.

Wengi siku hizi hutumia tochi ya simu. Ni sawa kwa kutafuta kiatu. Lakini ng'ombe akishindwa kuzaa usiku, je, utampigiaje daktari wa mifugo simu ile ile ikiwa imeshikwa juu ya ng'ombe, au imeanguka mavini? Kwa kazi ya zizini taa ya kuvaa kichwani ni bora, kwa kuwa hukuachia mikono yote miwili.

Njiani tochi ina kazi kubwa zaidi. Nyoka aitwaye moma hakimbii asikiapo hatua. Hulala kimya, akitegemea rangi yake, nao watu humkanyaga. Mulika chini, hatua mbili mbele yako. Na mtu akiumwa, kisu kibaki mfukoni. Kuchanja jeraha na kufyonza hakutoi sumu, huongeza damu na uchafu tu. Wala usifunge kamba kwa kukaza. Mlaze mgonjwa, mguu usitikisike, vua pete na bangili kabla hajavimba, mpelekeni hospitali upesi.

Jambo moja wakulima wa ndizi wasilisahau. Mnyauko wa bakteria wa migomba huchukuliwa na kisu kutoka shina moja hadi lingine. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Ukilazimika kukata, pitisha bapa motoni mpaka lipate joto kali, au ulichovye katika Jik kikombe 1 kwa maji vikombe 5, kabla ya kugusa mgomba wa pili. Kisha lioshe na kulikausha, kwani Jik hula chuma.

Uendapo kwenye mkutano wa hadhara, kisu kiache nyumbani, usije ukajieleza kwa askari. Siku nyingine kitie katika mfuko ule ule kila siku, kikiwa kimefungwa kwa uzi mkanda wa suruali. Tochi itundike kwenye msumari karibu na mlango, mahali mkono unapojua hata gizani, lakini watoto hawafiki.

Mimi nilinunua kisu chenye pete ya komeo wiki ile ile. Mtamba naye alizaa ndama jike, saa tisa za usiku, na tochi iliwaka mpaka alfajiri.